Kwenda Itebero Kutafuta Meno ya Gari la Papa

Papa alisema akiwa amesimama mbele ya gari lake, mikono nyuma: "Masika, mavuno ya maharage ikiisha, nitaita ule muntu wa kununua vyuma ya zamani. Akuje aikate." Gari lenyewe ni la zamani, la mizigo, lenye magurudumu manne yanayovuta, na lilikuwa limekaa juu ya mawe nyuma ya duka letu hapa Mweso kwa miaka mitatu. Injini nilikuwa nimeshaifufua mimi mwenyewe. Giaboksi niliifungua, nikaisafisha, nikaifunga. Kilichobaki ni ekseli ya nyuma: kuroni, ule mduara mkubwa wa meno, ilikuwa imeng'oka meno matatu, na pinyoni, gia ndogo inayoizungusha, ilikuwa imelika. Mimi ndiye binti pekee wa soko la Mweso anayenukia grisi siku ya misa, na simwombi mtu radhi. Gari lile lilitulisha na kutusomesha. Kulikatakata lingekuwa kunikata mimi.

Wachuuzi walikuwa wameniambia kwamba gari la aina ileile lilikufa zamani huko Itebero, ndani ya msitu wa Walikale, na mpaka leo limelala majanini. Nikaifunga kuroni yetu mbovu ndani ya kikapu, maana fundi asiyebeba sampuli anabahatisha tu, nikapanda pikipiki ya kukodi, nyuma ya dereva.

Saa sita mchana tulikuwa Muheto, kwenye ule mpando mrefu ambao Papa alikuwa akiupanda na magunia mpaka juu ya kabini. Akina mama walikuwa wanapiga maharage uwanjani.

"Masika, gari ya papa yako iko wapi?" mmoja akaniita. "Migongo yetu imechoka!"

"Iko inakuja, mama."

"Tangu mwaka gani iko inakuja!"

Wakacheka wote. Mimi nami nilicheka, lakini iliniuma.

Kesho yake nilikuwa Masisi, kwenye duka la vipuri la mfanyabiashara mmoja wa asili yetu, Butembo. Alinitolea kuroni na pinyoni mpya, zinang'aa, bado zimo kwenye karatasi ya mafuta. Nikaomba kipande cha chaki, nikatia alama kwenye jino la kwanza, nikaanza kuhesabu.

"Dada, unahesabu nini? Iko mupya!" akasema.

"Kaka, ya kwetu iko na meno makumi tatu na saba kwa tisa. Hii iko na makumi ine na moja kwa kumi na moja."

"Si njo muzuri? Gari itakimbia."

"Itakimbia wapi, mu matope? Na ekseli ya mbele iko ileile ya zamani. Ya mbele itavuta vyake, ya nyuma vyake. Gari itapigana yenyewe mpaka ivunjike."

Alinitazama, akairudisha kuroni kwenye karatasi yake. "Papa yako alizaa fundi," akasema. Nilitoka pale mikono mitupu lakini kichwa juu.

Kutoka Masisi kwenda Walikale tulisukuma pikipiki zaidi kuliko ilivyotubeba sisi. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani walinzi walitaka kujua kikapu changu kina nini. Nikafunua. "Ni meno ya gari," nikasema. Mkubwa wao aliigeuza kuroni, akahesabu yale mapengo matatu, akanipa pole kana kwamba nimebeba mgonjwa. Walikale niliachana na dereva wa pikipiki, nikavuta kamba ya kikapu kwenye kipaji cha uso na kutembea siku mbili msituni. Kuroni ilinigonga mgongo kila hatua.

Itebero nilifika Jumamosi alasiri. Nilipokewa na katekista wa pale, Papa Donati, mtu mwembamba mwenye sauti ya taratibu, na mke wake akanipa muhogo na sombe, mboga ya majani yake. Gari wakanionyesha. Miti ilikuwa imeota kupitia madirishani. Niliingia chini yake kwa tumbo, nikaifungua ekseli ya nyuma. Ndani ya mafuta yaliyoganda, pinyoni ilikuwa nzima kama imefungwa jana. Nikahesabu: tisa. Nikapiga kelele ya furaha. Halafu nikaingiza mkono kutafuta kuroni. Haikuwepo.

Mtu asiyejua gari atasema chukua pinyoni, kuroni tafuta kwingine. Haiwezekani. Hizi mbili huzaliwa pamoja na kusagana pamoja, na kiwandani hupigwa namba moja. Ukioanisha moja na nyingine isiyo yake, zinakulana. Nilikaa chini ya gari lile nikalia, na hilo silifichi.

Jumapili asubuhi nilikuwa naosha uso kengele ya kanisa ilipolia. Sauti ilikuwa ya juu, safi, ya chuma kigumu. Nikainua macho kwenye boriti mbele ya kanisa. Kengele ilikuwa na meno.

Nilikimbia na sabuni usoni. Nilihesabu thelathini na saba. Nikafuta upande wa nyuma kwa kitenge changu, na namba ilikuwa ileile ya pinyoni. Kutu haikuwepo hata chembe.

"Papa Donati, nani anaitunza hii?"

"Ni mimi. Kila siku ya posho, mbele ya Jumapili, naipakala mawese. Na upande ya meno sipigake hata siku moja, napigaka mugongo tu, na muti."

"Kwa nini?"

"Muntu alifanya kazi ile muzuri vile, miye niiharibu?"

Nikamweleza habari za Papa, gari na muntu wa vyuma. Nikamtolea kuroni yetu yenye mapengo. Alipitisha kidole kwenye mapengo yale. Kisha akasema kengele si yake, ni ya wakristo, na ng'ambo ya mto kuna mashamba: wa mbali kabisa ni Mama Faida, aliyebaki huko leo. "Kama yeye anasikia yako, utabeba hii. Kama hasikii, utatusamehe."

Baada ya ibada tulipandisha ya kwetu. Katekista akapiga. Ilitoa sauti nzito, yenye mkwaruzo, na mimi nikafumba macho. Tukangoja karibu saa nzima, wakristo wote wamekaa majanini. Mara akatokea mama mmoja anahema, jembe begani, sketi imelowa mpaka kiunoni.

"Kuko nini?" akauliza Mama Faida. "Nani amekufa? Mbona kengele iko na mafua?"

Sijawahi kusikia kanisa likicheka namna ile. Papa Donati mwenyewe ndiye aliyenishushia ile kuroni nzima, akaipaka mawese mara ya mwisho, nikaifunga kikapuni pamoja na pinyoni yake; ya kwetu ikabaki kwenye boriti.

Nyumbani Mweso, kabla sijaifunga, Papa aliining'iniza kwenye waya, akaigonga kwa kidole, akasikiliza kama kuna ufa. Alikwenda kuleta spana zake mwenyewe, zile ambazo alikuwa hajawahi kumwazima mtu, akaziweka karibu nami.

Muntu wa vyuma alikuja siku tuliyoshusha gari kutoka kwenye mawe. Papa akamwambia, "Rudia kwako. Hapa hakuna chuma, kuko gari." Wiki ileile tulipanda Muheto tukiwa na magunia mpaka juu ya kabini, magurudumu manne yanavuta kwa sauti moja, mimi kwenye usukani. Akina mama waliacha kupiga maharage, wakapiga vigelegele.

Nilichojifunza safarini nitakisema bila aibu: kipuri hakichaguliwi kwa kung'aa, kinachaguliwa kwa mwenzake kitakayefanya naye kazi, na mwenzake anaweza kuwa mbali. Papa yeye ana lake. Sasa kila anayeingia dukani, hata kama amefuata chumvi tu, lazima alisikie:

"Gari yangu iko inatembea Mweso, na iko inaita bantu ku misa Itebero."