Menejimenti ya Nini?

Jumatano, kwenye basi la kutoka Harborne, huku ughaibuni, mbele yangu walikaa mama mmoja Mkenya na binti yake mwenye buti zilizojaa matope. Mama aliongea na dada yake aliyeko Nairobi, simu ameiweka spika, huku akimtoa binti nyasi kavu kwenye nywele.

"Huyu wangu yuko koleji. Anasomea menejimenti."

"Mashallah. Menejimenti ya nini?"

Mama alikohoa. "Ya... mambo ya usafiri."

Njia nzima binti alikuwa akimjibu mama yake kwa Kiingereza. Sasa akaiinamia simu, akasema polepole, kwa Kiswahili: "Ya farasi, mama. Kuwalisha, kuwatunza wakiugua, kusimamia mabanda. Sema farasi."

Mama akaiziba simu kwa kiganja.

Alipomuaga dada yake na kunyoosha tena mkono kutoa unyasi uliobaki, binti alisogeza kichwa, akatazama dirishani mpaka tukafika mjini.

Wazazi wa huku hatuishi kulalamika kwamba watoto wetu hawataki kusema Kiswahili. Huyu alikisema, tukaziba simu.