Wali Niliokula Chooni, na Mama Mkwe Mlangoni

Mimi nimewahi kula wali chooni. Afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa mke wangu Habiba, kwa sababu yeye akisimulia huongeza chumvi, na hii habari haihitaji chumvi hata chembe. Choo chenyewe kilikuwa ndani ya boti ya matanga niliyoikodi mimi, pamoja na nahodha na mpishi wake, na nje ya mlango wa choo hicho alikuwa amekaa mama mkwe wangu. Chekeni sasa, mkimaliza niendelee.

Mama mkwe wangu anaishi Gotu, huko kwetu Isiolo. Amechunga ngamia tangu utotoni na maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya mto ukifurika, lakini Habiba anasema tangu yeye ni mtoto mama yake alikuwa akimkuta mtu aliyefika pwani lazima amuulize bahari ikoje, inanusa vipi, inaishia wapi. Basi daktari wa macho akasema ana presha ya macho, na uoni uliobaki utakuwa ukipungua polepole. Habiba alilia. Mimi, kwa kifua mbele, nikasema nitampeleka mama aione bahari kabla macho hayajazima. Mwaka ule karakana yangu ya pampu za visima ikahitaji mashine, nikasema mwaka ujao, mwaka uliofuata ukawa wa ukame, nikasema tena mwaka ujao (mnanijua nilivyo na maneno matamu).

Desemba iliyopita ndipo nikaona kwenye simu picha za boti nyeupe ya kukodi, inayotoka Kilifi kuteremka hadi Mtwapa, ikipita kando ya pwani ile ya miji ya kale yenye misikiti na nyumba za mawe zilizobaki magofu. Nikaona hapa nimepata, mama ataona bahari na miji ya Waislamu wa zamani kwa siku moja, tena amekaa, magoti yake yasimsumbue.

Sasa nieleze jambo moja, la sivyo mtaniona mwendawazimu. Kwetu Borana mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Simtaji jina, simkazii macho, na kula mbele yake ndiyo kabisa hapana. Miaka yote ya ndoa yetu aliongea nami kupitia kwa Habiba, "Mwambie Baba Diba mbuzi amepotea," na mimi nimekaa palepale nasikia kila neno. Nchi kavu hakuna shida, chakula kikija natoka nje. Kwenye picha boti ilionekana ndefu, nikajipangia yeye atakaa mwisho mmoja na mimi mwisho mwingine. Habiba aliniambia nipige simu niulize ukubwa wake. Sikuuliza.

Tulipofika Kilifi nikakuta boti ambayo ukinyoosha miguu unamgusa jirani. Viti vilikuwa viwili vinatazamana. Nikakaa nimegeuza shingo upande mmoja kuanzia tulipong'oa nanga, shingo ikauma, nikawa nayajua mawimbi ya nyuma tu. Mama alikaa ameelekeza uso kwenye upepo, nahodha akionyesha hiki na kile, yeye akiitikia kwa kichwa na kusema, "Naona, naona." Nilifurahi moyoni mwangu, wallahi.

Halafu chakula kikaja, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mpishi akanipa sahani yangu mbele ya mama mkwe. Ningeweza kusema nimeshiba. Lakini njaa ilikuwa inaniuma na harufu ile mnaijua, kwa hiyo nikashuka chini na sahani, na huko chini hapakuwa na mlango wa kufunga ila wa choo. Nikajiambia nitakula haraka, Mungu atanisamehe, choo chenyewe ni kisafi kuliko hoteli fulani za pale stendi kwetu.

Nilipomaliza nikavuta komeo, komeo likabaki mkononi. Fundi mimi, ninayefungua pampu zilizokaa chini ya ardhi miaka, nikaona hili ni dogo, nikatia mpini wa kijiko kwenye tundu na kukaza. Kijiko kikavunjikia ndani, na sasa hata aliye nje hangeweza kufungua. Nahodha akaja, akajaribu, akaniuliza kwa upole, "Bwana, ulikuwa wafanya nini humo na kijiko?" Hapo ndipo boti nzima ilipojua.

Akaniambia nipitie kidirisha cha juu kinachoingiza hewa. Kichwa kikapita, mkono mmoja ukapita, tumbo likakataa. Nikabaki nimechomoza pale juu, na mbele ya pua yangu, karibu kabisa, ni uso wa mama mkwe ambao sikuwahi kuutazama sawasawa, na wali umeshika kwenye ndevu zangu. Nikasema, "Salaam aleikum." Habiba alicheka mpaka akakaa chini, na mama akajifunika kwa mtandio, ila mabega yake yalikuwa yanatikisika. Ikabidi mpishi anisukume kichwa nirudi chini. Nahodha akasema hawezi kuvunja mlango baharini, tutapata fundi wa msumeno Mtwapa.

Nikakaa juu ya kifuniko cha choo na sahani yangu tupu. Baada ya muda nikasikia mtu anashuka ngazi taratibu, akipapasa ukuta, kisha akakaa sakafuni nje ya mlango.

"Baba Diba," akasema. Si kupitia kwa Habiba. Mimi mwenyewe. "Umeshiba?"

"Nimeshiba, Mama."

"Mlango iko katikati yetu. Sasa tunaweza kuongea."

Sitawaficha, machozi yalinilengalenga. Akaniambia nisione haya, hata marehemu mume wake aliwahi kujificha zizini akimkwepa mama mkwe wake yeye. Juu kule nahodha akawa anaita kwamba magofu yatatokea upande wa kulia. Mama akaniambia pole, umefungiwa, ngoja nikuambie vile yanakaa, ni kuta nyeupe, ndefu, na mnara. Mimi pia, kama kule alikokaa yeye, nilikuwa na dirisha dogo la duara upande uleule. Nikachungulia. Palikuwa na mchanga na msitu, basi.

Nikamuuliza uko wapi huo mnara.

"Baba Diba, mimi naona mwanga tu. Tangu mvua iliyopita. Usiambie Habiba leo. Leo amecheka."

Niliegemeza kipaji cha uso kwenye ule mlango. Ile miaka yangu ya mwaka ujao ilinijia yote pamoja, nikamwambia nisamehe Mama, nimechelewa. Akasema tumefika, hatujachelewa, na akaniuliza kama dirisha langu liko wazi. Nikamwambia liko wazi. "Basi wewe angalia, niambie."

Nikamwambia. Kwamba maji ya karibu ni ya kijani kama majani ya mgunga baada ya mvua, na kule mbali ni bluu nzito, na mawimbi yakipiga mwamba yanatoka meupe yakisukumana kama mbuzi wakifunguliwa zizi. Halafu magofu yakatokea kweli, nikamwambia si meupe, Mama, ni ya kijivu, mti umeota ndani ya nyumba, na kuna mlango umesimama peke yake, ukuta wake umeanguka. Akauliza kama waliswali pale. Nikasema walikuwa na msikiti. Akawaombea dua, watu asiowajua, kwa sauti ndogo, na mimi nikaitikia amina kutoka chooni.

Mtwapa tulipokelewa na watu wa mahotelini na wa boti nyingine, simu juu, maana fundi alikata mlango kwa kelele ya kuita mji. Nikatoka na sahani mkononi. Walipiga makofi. Mpishi akaniuliza kama niongezewe.

Kabla sijapata pa kujificha, mama akanyoosha mkono mbele ya watu wote. "Baba Diba, nishike."

Nikamshika. Habiba akashangaa, akatutazama, akamuuliza mama yake kama ameiona bahari.

"Nimeona yote," akasema. "Huyu amenionyesha."

Habiba akatazama vile mama yake anavyotafuta ngazi kwa mguu. Alikuja akamshika mkono wa pili.

Video ilifika Isiolo kabla yetu, na wenye maduka bado wananiita Nahodha, nami naitika. Nimeapa sitaingia tena mahali na sahani bila kujua natokaje, na sitamwambia tena mtu ninayempenda mwaka ujao. Mwezi huu tunampeleka Rapsu, kwenye mashamba ya kumwagilia, asikie maji ya mifereji na ashike nyanya zikiwa bado shambani. Nimeshamwambia Habiba akae nyuma na watoto, mimi nitakaa karibu na mama, kwa sababu njia ni ndefu na kuna mengi ya kumwambia.