Mbawakawa wa Kwenye Maboga ya Mke Wangu

Leo nimeungama kwa mke wangu, naye amecheka mpaka machozi.

Moyo wangu umechoka, mnajua. Sikutaka kuondoka duniani na hili.

Miaka mingi nilimkataza kuua mbawakawa wekundu wenye madoa kwenye maboga yake, hapa Mahongole. Mimi ndiye mwalimu wa sayansi. "Waache, wanakula vidukari wanaofyonza mimea," nilimwambia.

Kumbe niliwachanganya. Wanaokula vidukari wanang'aa, na utawakuta kwenye kabichi zilizoshambuliwa. Wale wa kwenye maboga hawang'ai, wana vinyweleo, na wanakula majani yenyewe. Niligundua mapema, nikaona aibu kusema.

(Wanafunzi wangu wa zamani mnaosoma hapa, nanyi mnisamehe.)

Leo nikasema yote.

"Baba Neema, mbona maboga tulikula kila mwaka? Ulikuwa ukishaenda shuleni tu, nawaua wote."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi sana kunieleza."

Kisha akaniletea jani lenye mbawakawa mmoja. "Haya mwalimu, huyu ni yupi?"

Miwani nilikuwa nimevaa, na nilimtambua mara moja. Nikamuuliza, "Wewe unaonaje?"

Akavuta kigoda karibu yangu, akaanza kunifundisha.