Kicheko cha Wanaobaki Nyuma

Mwokaji mikate mmoja wenzake walimbandika jina la Mshale, likamkaa. Kila Jumapili kundi lao la baiskeli likitoka mjini, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kilele cha mlima, akishuka kwenye baiskeli kuwasubiri wengine. Kitu kimoja tu kilimkosesha raha: kicheko. Wa mwisho walifika wakihema, jasho likiwatiririka, lakini hawana mbavu kwa kucheka. Akiuliza kulikoni, wanamjibu, "Hukuwepo, hutaelewa."

Siku moja mdogo wa mkewe alinunua baiskeli, akataka kujiunga. Mkewe akamwonya, "Ukimwacha mdogo wangu njiani, usirudi hapa." Mshale akabaki nyuma shingo upande.

Kumbe kwenda polepole nako ni kazi! Baiskeli yake nyepesi iliyumba, nusura amvae shemeji yake.

"Shem, bingwa ni wewe kweli?" shemeji akamtania.

Karibu nao ilikuwepo baiskeli ya watu wawili. Muuguzi mmoja ameshika usukani, na nyuma yake anakanyaga mumewe, mwalimu wa kinanda, asiyeona tangu utotoni. Mwalimu alitaka kuambiwa kila wanachopita. Wenzake walikuwa na ruhusa ya kumdanganya. Kazi yake ni kuwanasa.

"Kuna mbuzi juu ya paa," alisema fundi bomba mmoja wa kundi lao.

"Uongo. Bati lingelia."

"Paa la vigae, mwalimu!"

"Basi huyo mbuzi ana hela."

Wakaangua kicheko. Mwalimu akatega sikio. "Hii pumzi ngeni ni ya nani?"

"Mimi, Mshale."

"Aa, mkubwa! Wewe njia hii ni yako. Pale kwenye kona panaponukia mbao, kuna nini hasa? Hawa kila mtu ana lake."

Mshale alikuwa amepita pale miaka nenda rudi, na alichokijua ni mashimo tu. "Ngoja tufike," akasema, "nikuangalizie."

Walipofika, akakodoa macho. "Ni karakana ya seremala. Uani kuna mlango umesimama peke yake, hauna hata ukuta. Na paka... paka amepita mlangoni!"

"Uongo!" mwalimu akashangilia.

"Haki ya Mungu! Shem, si umemwona?"

"Mimi? Sijaona paka," shemeji akasema, uso mkavu.

Mshale alicheka mpaka akashusha mguu chini.

Kileleni mwalimu akamwambia, "Mke wangu anaogopa kushuka kwa kasi. Nishushe wewe." Muuguzi akachukua baiskeli ya Mshale ashuke taratibu, nao wawili wakaporomoka, upepo ukivuma masikioni.

"Kuna nini? Kuna nini?"

"Daraja! Ng'ombe! Watoto wanatupungia!"

Mwalimu akapunga mkono.

"Upande mwingine!"

Chini kabisa Mshale alifunga breki.

"Wale watoto walikuwa wa kweli?" mwalimu akauliza.

"Wa kweli kabisa."

"Walikuwa wanafanya nini pale?"

Mshale akageuza usukani kuelekea mlimani. "Kanyaga, mwalimu. Twende tukawaulize."