Kwenda Mombasa Kumchukua Paka Aliyezikwa

Alhamisi asubuhi, nikiwa nafua nguo hapa Voi, nilipigiwa simu kuambiwa kwamba paka wangu yu hai. Nilikuwa nimemlilia miezi mitatu. Zaituni ni paka aliyeachwa na marehemu mama yangu, na nilipokwenda Umra nilimwacha Mombasa, Kibokoni katika Mji wa Kale, kwa binamu yangu Fuadi. Niliporudi Fuadi alinishika mkono akanieleza, kwa sauti ya msibani, kwamba Zaituni alikula sumu ya panya na kwamba amemzika mwenyewe uani. Nilimshukuru. Nilimpelekea hata mche wa asmini aupande juu ya kaburi. Hiyo ndiyo sababu ya safari hii, na mnisamehe nikiisimulia huku nasaga meno.

Saa tatu nilikuwa ndani ya basi, kikapu kitupu mapajani. Mama mmoja wa Rabai aliyekaa kando yangu aliniuliza kikapu cha nini, nikamwambia nakwenda kumchukua paka.

"Paka?" akacheka. "Safari yote hii kwa ajili ya paka?"

"Kwa ajili ya paka na mwongo mmoja," nikamjibu. Akaona uso wangu, akageukia dirisha mpaka Makupa, ambako malori yalituweka nusu saa nzima huku nikigongagonga magoti yangu kwa vidole.

Mwembe Tayari niliteremka karibu saa saba. Wachuuzi walinionyesha maji, korosho na mikanda ya suruali, nikawapita kama kwamba wao ndio walionikosea. Nilikwenda kwa miguu hadi kwa daktari wa mifugo, Daktari Mbeyu, mwanamke mpole aliyemtia Zaituni chipu kabla sijasafiri. Ni kitu kidogo, ukubwa wa punje ya mchele, huingizwa kwa sindano chini ya ngozi ya shingo. Siku ile Fuadi alitusindikiza, akaiona sindano, akadhani ni chanjo. Mimi sikumweleza, kwa kuwa sikuona haja.

Daktari alinisimulia kwamba jana yake yeye na wenzake walikwenda soko la Marikiti kuwachanja paka wa kwenye mabucha wasipate kichaa cha mbwa. Kila paka aliyeshikwa alipitishiwa mashine ya kusomea. Kwa paka mmoja wa kijivu, amekonda, sikio limechanika, mashine ikalia, namba ikatokea, na kwenye daftari namba hiyo ilikuwa na jina langu.

"Punje hii haisemi paka yuko wapi," akaniambia. "Yangoja tu mtu aisome. Na ikisomwa, lazima kuwe na simu ya kupigwa."

"Basi mbona hukunipigia jana ileile?"

Daktari akainamia daftari. "Jana nlianza na namba ya pili ya simu uliyoandikisha, kwa kuwa ni ya mtu wa hapa Mjini. Bwana mmoja kanijibu hamjui paka huyo, kisha akakata. Ndipo asubuhi nkakupigia wewe."

Namba ya pili ilikuwa ya Fuadi. Niliiandikisha mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa kuwa ni damu yangu.

Zaituni alipoletwa alininusa kidole, akageuza uso, akaingia kikapuni bila kuombwa. Alikuwa mwepesi mno.

Kibokoni, baada ya alasiri, nilipiga hodi.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam! Dada! Ndoo ndani, ukae, upoe."

"Sikai, Fuadi. Nimekuja kuzuru kaburi."

Mungu amsamehe, mimi bado sijaweza: alinitangulia mpaka uani akanionyesha. Asmini ilikuwa imeshika vizuri, ina maua matatu, imezungushiwa mawe meupe. "Namwagia maji kila asubuhi," akasema, na akainua mikono kama mtu anayetaka kuomba dua.

Nikafungua kikapu. Zaituni akatoka, akanusa mawe, akachimba chini ya asmini, akajisaidia, akafukia kwa adabu zake zote.

Fuadi alikaa kitako kwenye ngazi. "Dada, alikuwa akikojolea godoro la wageni. Nlimtia kiroba nkampeleka Marikiti, penye nyama. Sikumuua! Watu wote hapa wafanya hivyo."

Ni kweli, wanafanya. Mji wa Kale hakuna anayethubutu kumuua paka, ni dhambi. Basi humtia kirobani asiione njia ya kurudi, wakamfungulia mbele ya mabucha, wakarudi nyumbani roho nyeupe. Na yule paka aliyelelewa kwa wali na samaki mkononi mwa mama yangu ajifunze uzeeni kupigania mapafu yanayotupwa na wauza nyama.

"Na daktari alipokupigia jana?"

"Nliona haya, dada."

"Haya ungeiona siku ile uliponifuta machozi."

Niliung'oa mche wangu na mizizi yake, nikaufunga kwa gazeti, nikamrudisha Zaituni kikapuni, nikatoka. Chai ya mkewe niliiacha juu ya sinia.

Njiani kurudi niliyapanga niliyojifunza, mwenye mnyama anayempenda ayachukue. Mtieni chipu, hata akiwa paka wa ndani asiyevuka kizingiti. Mkibadilisha namba ya simu, kabadilisheni na kwa daktari, la sivyo ile punje ni punje tu. Fuadi alikuwa na ulimi, kaburi na maua, na kitu kisichofika ukucha wa kidole kidogo kilimshinda.

Tulipopita Taru nilimpigia Daktari Mbeyu, nikamwambia aifute namba ya pili.

"Nishaifuta," akasema. "Sasa nimuandike nani?"

Nilimwomba anipe muda. Nikawapitia ndugu zangu wote kichwani, mmoja mmoja, basi likapita Maungu, likaingia Voi, Zaituni amelala. Mche wa asmini umeshika tena, hapa mlangoni. Ile nafasi ya pili daftarini mpaka leo iko wazi.