Ndama Niliyemwita Mama Mkwe

Nimekosa, ndugu yangu, tena kwa akili zangu timamu! Jina nisitiri, maana Dodoma ni ndogo na sokoni bado wananicheka.

Mimi ni tarishi wa serikali. Nilipanga kwa tajiri mmoja chumba kimoja, na kodi yake ilimeza mshahara wote. Serikali ilipojenga kota za kodi nafuu kwa sisi watumishi wadogo, nikabahatika. Bati juu, saruji chini, vyumba viwili! Mke wangu alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Sharti lilikuwa moja: mifugo marufuku.

Nami nina ndama! Kwetu Wagogo ndama hulala ndani ya tembe na watu, maana nje kuna fisi. Nimwache aliwe? Nikamwingiza chumba cha pili.

Asubuhi moja akapita msimamizi wa kota, Mgogo mwenzangu. Ndama akalia, "Mmuuu!"

"Nani huyo?"

Ulimi ukaniponyoka. "Mama mkwe. Kifua kinambana."

Msimamizi akarudi nyuma kwa adabu. Chumba cha mkwe hakichunguliwi! Tangu hapo kila akipita alisimama dirishani. "Mama, waendeleaje?"

"Mmuuu!"

"Afadhali, leo sauti imefunguka."

Nikajiona mjanja. Mjinga mimi!

Siku ya siku mama mkwe mwenyewe akaja kututembelea kutoka Zuzu, mzima wa afya, akamkuta msimamizi mlangoni.

"Mbukwa, mama. Wamtafuta nani?"

"Binti yangu, mwenye nyumba hii."

"Basi yule mgonjwa wa ndani ni mama wa nani?"

Ndama akajibu mwenyewe.

Lo! Mama mkwe alinisema mpaka jasho likanitoka. Nami kwa mila simtazami usoni, basi nikauomba radhi ukuta!

Msimamizi akatutoa, na kota yetu akapewa tarishi mwenzangu mwenye watoto sita, aliyeisubiri siku nyingi. Sisi tukarudi kwa tajiri. Mke wangu alibeba godoro mbele ya majirani wale wale wa vigelegele, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mama mkwe akadai faini ya matusi, akamswaga ndama wangu mpaka Zuzu.

Msomaji, ukipewa nyumba nafuu, jua yuko aliyeikosa ili wewe uipate. Shika masharti! Mimi nimebanana chumbani na mke aliyenuna, na huko Zuzu ndama analala ndani na mama mkwe, raha mustarehe.