Kaburi Lenye Tunda

Mimi ni Mkurya wa milimani Tarime, niliyeolewa na Mjaluo wa ziwani, kwenye kijiji ambacho wazee bado wanasema kiko Tarime ingawa wilaya ilishagawanywa. Kwetu samaki tulimwona siku ya gulio tu, tena mkavu. Nilipofika ukweni nikakuta kijiji kizima kinanuka dagaa: wameanikwa mchangani, kwenye nyavu kuukuu, hata juu ya mapaa. Nikamwambia mume wangu harufu hii itaniua. Mama yake akasikia, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Itakunenepesha, mwanangu," akasema. Ikaninenepesha kweli.

Nilipatana naye kuliko nilivyopatana na mwanawe, nasema ukweli. Tukichambua dagaa alinihadithia habari za kijiji. Kilianza na familia chache za ukoo mmoja, wakivua kwa mitego ya mafunjo. Halafu akaja sangara, na malori ya barafu nyuma yake. Vijana wakaezeka bati na kuoa harakaharaka. Sangara alipopungua, malori yakapotea, na baadhi ya wake pia. Dagaa ndiye hakutukimbia. Mpaka leo wachuuzi wa Sirari wanamfuata hapa.

Ziwa hilohilo lilimchukua mume wa mama mkwe wangu. Mtumbwi ulirudishwa na upepo, yeye hakurudi. Walimtafuta mpaka wakakata tamaa. Kwa Wajaluo, aliyepotea majini hupewa kaburi hivyohivyo: linachukuliwa tunda la mvungunya, lile refu na zito, linazikwa badala yake kwa kilio na heshima zote. Kaburi likawekwa uani, karibu na maji. Mama alilifagia kila asubuhi.

Kisha ziwa likapanda. Mvua za mwaka ule hazikuwa na adabu. Choo kikaenda, migomba ikaenda, na sisi wengine tukahamia juu mwinukoni. Mama akagoma.

"Nimwachie nani?" akauliza.

Shemeji yangu mdogo, kwa kuchoka, akaropoka: "Mama, mle kuna tunda tu!"

Nilitamani kumzaba kofi. Mama aliingia ndani akafunga mlango. Kuta za udongo zilikuwa zimeshalowa, na sote tulijua zitamwangukia. Niliogopa kila wingu lililotanda, maana nilimpenda mama yule.

Asubuhi moja nikashuka na uji wake. Maji yalikuwa yamelifunika kaburi lote. Mama alikuwa amesimama palepale, maji magotini, ufagio mkononi. Nikaanza kulia.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Unalia nini?"

"Kaburi, mama."

Akalitazama ziwa. Macho yake yalikuwa makavu.

"Miaka yote hii kaburi lilikuwa huku, mwenyewe yuko kule," akasema. "Nilikuwa nafagia na huku najua. Leo limemfikia."

Akanipa ufagio, akanishika mkono, tukatoka majini pamoja.

"Waite wanangu," akasema. "Waje wabebe kitanda."